Afande na Hewa ya Bondeni

Kabla ya kusoma kipimo, Afande alibana pumzi. Aliibana kwelikweli, mashavu yakajaa na mishipa ya shingo ikasimama, mkono wa kulia umeinua kile kimashine chake juu ya kofia, mkono wa kushoto umetutolea kiganja tusisogee. Pumzi ya mtu ina gesi ileile anayoitafuta, alitueleza. Ukiihemea mashine umejipima mwenyewe, na yeye hakutumwa kupima watu. Basi sokoni Kasese, kati ya wauza nyanya na wauza mitumba, ungemkuta mzee mrefu mwembamba amevimba mashavu, na wachuuzi na wateja wamesimama kando nao wamebana pumzi, wengine kwa heshima, wengine wakizuia kicheko, mpaka apaze sauti ya gwaride: "Pumua!" Soko likashusha pumzi, na ubishi wa bei ukaendelea pale ulipoachwa.

Mimi nilibana pumzi pamoja naye kwa miaka saba. Ni dereva wa Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani, nina pikapu moja, na kazi yangu ni kuwabebea mizigo wafanyabiashara wenzangu Waislamu wanaouza maharage, kahawa na sabuni mpakani. Ofisi moja ya utafiti ilipotafuta gari la kukodi siku mbili kwa wiki, jina langu lilitajwa msikitini, nikaitwa. Niliambiwa nitambeba mtaalamu. Aliyetoka kunipokea alikuwa mzee wa viatu vya jeshi vilivyong'arishwa mpaka unaona uso wako, akazunguka gari mara moja na kuinama nyuma, kwenye bomba.

"Gari yako inatoa moshi?"

"Kidogo, Afande."

"Basi itasimama mbali. Mimi natembea."

Na alitembea. Kila kituo niliegesha mahali ambapo upepo hautaupeleka moshi wangu kwake, naye akashika njia na begi lake begani, jua liwe kali au mvua iwe inapiga. Wakati fulani nilimwambia kuwa gari likizimwa halitoi kitu. Akanijibu kwamba bomba la moto bado linasema.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Wake wa polisi kambini walimwita Afande, akina mama wa sokoni walimwita Afande, hata imamu wetu. Tulijua kuwa alikuwa askari, kwamba kwao ni mashariki, mbali, na kwamba alipostaafu alipata kazi ya kulinda ua wenye mashine za kupimia hewa pale Kasese. Waliopaswa kuja kuzisoma hawakuja mara nyingi. Yeye akaanza kusoma tarakimu akiwa nje ya uzio na kuziandika kwenye karatasi za sigara za watu, maana yeye mwenyewe hakuvuta. Siku wakubwa walipokuja wakakuta daftari zao ni tupu na karatasi za mlinzi zimejaa. Wakampa ufunguo, kisha mafunzo ya wiki mbili, kisha mimi.

Watu walitaka kujua anatafuta nini hewani. Mama mmoja muuza ndizi alimuuliza mbele yangu kama anatafuta mafuta, kwa kuwa ziwani huko watu walikuwa wakisema kuna mafuta.

"Natafuta gesi joto," alisema Afande.

"Ndiyo nini?"

"Wewe unajua mama-ingia-pole?"

Mama akacheka. Nani Kasese asiyezijua zile nyumba za mabati za mviringo kambini kwa polisi, fupi na finyu, ambazo mgeni huambiwa aingie polepole asijigonge.

"Ukifunga mulango saa sita ya mchana, joto inafanya nini?"

"Inabaki ndani na sisi."

"Dunia ndiyo hiyo. Moshi ya lori, ya mkaa, ya majani, harufu ya takataka inaoza, yote inasukuma mulango ifungike. Mimi naangalia ni nani anasukuma sana, na ni mwezi gani."

Yule mama alifikiri kidogo, akasema, "Na sisi tuliomo ndani?" Afande alitazama saa yake.

Saa ile ilikuwa bwana wake. Jumatatu tulikuwa upande wa Bwera, kwenye maegesho ya malori, kisha Kikorongo pale njia panda. Alhamisi tulikuwa sokoni Kasese, kisha tukapanda Kyarumba. Siku nyingine zote alipima peke yake kwenye ua wa Kasese, asubuhi na alasiri. Kipimo cha asubuhi kilitaka kiwe mapema, kabla ya jua kuchoma, na nilijifunza kuswali alfajiri na kuwasha gari nikiwa bado na maji ya udhu usoni. Nikichelewa dakika tano hakunigombeza. Aliandika tu kwenye daftari: dereva, dakika tano. Ningependa anigombeze.

Nilichojifunza ni kwamba hewa ya bonde letu ina majira kama shamba. Wakati wa kiangazi, majani ya mbugani yanapoungua upande wa Kikorongo na wakulima wa Karambi wanachoma magugu kabla ya kupanda, tarakimu zake zilipanda, na zilikuwa kubwa zaidi asubuhi, hewa ikiwa baridi na nzito imelala chini kati ya milima na maziwa haina pa kwenda. Adhuhuri upepo ukaamka, zikashuka. Mvua ikija, moshi ulipungua lakini kwenye jalala na mifereji ya Kasese gesi nyingine ilitoka, ile ya vitu vinavyooza. Na Bwera, pale malori yanaposubiri mpaka, hapakuwa na msimu. Palikuwa na foleni tu.

Kyarumba aliipenda. Gari lilifika mwisho wa barabara, tukaendelea kwa miguu kwenye vijia vya mteremko, wanawake wenye mafurushi ya kahawa kichwani wakitupita kana kwamba sisi ndio tuliobeba mizigo. Afande alifika juu akihema, akasubiri pumzi itulie, akapima, na tarakimu ikawa ndogo. Baada ya hapo hakuwa na haraka ya kushuka.

"Hapa hewa haina habari," alisema. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nilimuuliza kwa nini asihamie huko. Nyumba za kupanga zipo, bei ni nafuu. Akasema angechelewa kipimo cha asubuhi cha Kasese. Nilikubali jibu hilo kwa sababu wakati huo nililiona la mtu mwenye kazi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alipenda harufu ya dizeli. Aliniambia hivyo kwa aibu, kama mtu anayekiri kuwa anapenda pombe: ilimkumbusha ujana wake kwenye misafara ya jeshi, na wakati mwingine tukipita nyuma ya lori alishusha kioo kidogo, kidogo sana, kisha akakipandisha. Alikataza watu kuchoma takataka mtaani kwake, lakini mahindi hakula mpaka yachomwe kwenye mkaa. Aliogopa kushukuriwa; ukimwambia "Wasingya" kama Wakonzo wa huku wanavyoshukuru, alisimama wima kama amepigiwa saluti asiyostahili. Na mtu huyu aliyetumia maisha yake nje, mkono juu, akisikiliza hewa, nyumbani kwake madirisha yalifungwa siku zote.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ukuta wa kambi. Haikuwa na jiko la nje. Mvua ikinyesha, mke wake alipikia sigiri, jiko dogo la mkaa, kwenye ujia mwembamba kati ya vyumba, na madirisha yalifungwa kwa sababu ya vumbi la barabara. Sote tulimwita Mama. Alikuwa mnene, mcheshi, aliyezunguka na mumewe kambi baada ya kambi na kujifunza lugha za nusu ya Uganda, na kila nilipomleta mzee alinilazimisha ninywe uji wa wimbi. Alikohoa. Alikohoa akicheka, akaomba radhi, akacheka tena. Afande alipomsikia alikuwa akichukua kitambaa na kuanza kung'arisha viatu.

Siku nilizomjua Afande vizuri zaidi ni zile tatu tulizonaswa Bwera.

Ilikuwa kiangazi. Upande wa pili wa mpaka kulisikika kuna fujo, geti likafungwa bila taarifa, na malori yakaendelea kuja. Mimi na Afande tulikuwa tumeingia kwenye maegesho kupima kama kawaida. Nilipotaka kutoka, mbele yangu palikuwa na lori la mafuta, nyuma lori la saruji, kulia lori la samaki la Mkongo mmoja, kushoto ukuta. Hata mlango wa gari haukufunguka wote. Nyumba yangu ilikuwa hatua chache kutoka hapo, nyuma ya ukuta uleule, kwa hiyo tulikula na kulala kwangu. Lakini pikapu haikutoka, na bila pikapu Afande hakuwa na njia ya kufika Kikorongo kwa wakati. Alizunguka kama mnyama aliyefungwa kamba. Kisha akaamua kwamba, kwa kuwa amefungwa hapo, atapima hapo kila saa.

Injini zilikuwa zikinguruma. Madereva walikuwa na hofu kwamba geti litafunguliwa ghafla na asiyewasha ataachwa. Siku ya pili, joto likiwa limesimama juu yetu na watoto wa mtaa wakisugua macho, Afande alipoteza subira. Akapanda juu ya ngazi ya lori la samaki.

"Zima! Zima engine!"

Yule Mkongo akatoa kichwa. "Afande, niko na samaki mu gari. Frigo ikizima, yote inaoza."

"Engine yako inaua hewa!"

"Na samaki ikioza, patron mwenye gari ananiua mimi. Ile mashine yako inalishaka watoto ya nani?"

Watu wakacheka. Nilidhani Afande atampiga. Alisimama pale na kimashine chake mkononi, akatazama lori la samaki, akatazama foleni yote mpaka inapopinda sokoni, kisha akashuka.

"Wewe acha iwake," alisema. "Wewe peke yako."

Akaanza kutembea kwenye foleni. Lori la saruji: "Saruji inaoza? Zima." Lori la maharage: "Maharage inaoza? Zima." Lori la mabati: dereva akazima kabla ya kuulizwa. Kwa yule aliyehofia kuachwa, aliahidi kwamba geti likifunguka atapuliza filimbi mwenyewe, na hakuna atakayepita kabla ya zamu yake. Sijui kwa nini walimtii. Labda ni viatu. Baada ya nusu saa ilibaki injini moja tu, ya samaki, na ng'ambo ya kelele zilizokufa tukasikia mto Lhubiriha, ambao mimi nimeishi karibu nao maisha yangu yote na sikukumbuka kama una sauti.

Afande akabana pumzi, akapima. Akasubiri, akapima tena. Saa ikapita.

"Imeshuka?" nilimuuliza.

"Haijashuka." Alikaa juu ya bampa la gari langu. "Tumezima, na bado iko. Haina mahali ya kwenda."

Jioni upepo ulipokuja ndipo ilipoanza kupungua. Yeye hakufurahi. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba ukimjua anayesukuma mlango na kumzuia, mlango utafunguka.

Siku hiyohiyo alipima uani kwangu. Kisha akauliza, "Watoto wanalala wapi?"

Nikamwonyesha dirisha lililo juu ya ukuta wa maegesho.

Yeye mwenyewe alikuwa akisema kila mara kwamba gesi hii haimkohozi mtu. Lakini palipojaa yenyewe, ujue na moshi na masizi vimekaa hapohapo. Kwa hiyo nilielewa alichotaka kusema kabla hajakisema.

"Hamisha," alisema.

"Nihamie wapi, Afande? Mizigo iko hapa. Nikienda mbali, wenye mizigo watachukua gari ya karibu."

Hakubishana. Aliandika. Geti lilifunguliwa siku ya tatu, akapuliza filimbi kama alivyoahidi, na mimi sikuhama. Bado sijahama. Nasema hili sasa ili nisije nikaonekana bora kuliko yeye huko mbele.

Mwaka uliofuata mto mwingine, ulio njiani kutoka Kasese, ulifurika na kuchukua daraja, na kwa wiki tatu hatukuweza kufika Kikorongo. Ofisi ya utafiti ilikuwa inafunga ripoti yake. Kijana mmoja mwenye kompyuta alikuja Kasese, mpole, mwenye adabu, akamweleza Afande kwamba pengo lile linaharibu mchoro.

"Mzee, jaza kwa makadirio tu. Angalia mwaka jana zilikuwaje, weka zinazofanana."

"Sikuwa huko."

"Tunajua, lakini hakuna atakayeumia."

"Sikuwa huko," alisema Afande, na kumrudishia kalamu yake.

Wiki tatu zikabaki tupu. Mwaka ulipoisha kazi yake haikuongezwa muda. Sijui kama ni kwa sababu ya hilo au kwa sababu wafadhili walikuwa wamechoka. Waliniambia la pili. Walikuja wakang'oa mashine kubwa za uani, wakamwachia kile kimashine cha mkononi kwa kuwa kilikuwa kimezeeka. Nilifikiri sasa atapumzika.

Lakini lile pengo lilikuwa limemwingia mwilini. Kwenye daftari lake alinionyesha zile kurasa tupu, akizigusa kama kidonda. "Tundu moja inatosha," alisema. Akaendelea kupima. Hakuna aliyemlipa, hakuna aliyempigia kuuliza. Alikwenda Kikorongo kwa bodaboda iliyomshusha mbali, alipanda Kyarumba nikiwa na mzigo wa upande huo, na Bwera alikuja kwa gari lolote. Hakusafiri. Ndugu yake alipofariki huko mashariki, alituma rambirambi. Binti yake alipoolewa, Mama alikwenda peke yake na kusimama mahali pa wazazi wawili. Kila mara alisema kwamba msimu ukiisha atakwenda. Lakini msimu ukiisha huanza mwingine, na huo nao unataka kufananishwa na wa mwaka uliopita.

Kifua cha Mama kilizidi. Daktari alisema atoke bondeni, aende mahali penye hewa, apumzike, aepukane na moshi. Mama alitaka kwao. Alifungasha kwa wiki nzima, polepole, akiacha nafasi kwenye kila begi. Nilimpeleka kituo cha basi nikiwa na Afande kando yangu. Walipeana mkono kama watu wa ofisi moja.

"Baada ya kiangazi," Afande alimwambia.

"Kiangazi gani?" Mama aliuliza. Alikuwa anacheka na kukohoa, na basi likaondoka kabla hajajibiwa.

Vilipita viangazi viwili.

Asubuhi moja Mama alinipigia simu. "Mwanangu, huyo mutu yako hashiki simu."

"Anashika mashine, Mama."

Hakucheka. "Sikiliza. Sitaki zawadi, sitaki pesa. Nataka kupanda mihogo. Aniambie kama napanda ya watu wawili ama ya mutu mmoja."

Siku hiyo nilikuwa na mzigo wa Kasese. Nilipoushusha nikaenda nyuma ya kambi. Mlango ulikuwa umefungwa, madirisha yamefungwa, na ndani joto lilikuwa kama la tanuru. Afande alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake miguuni. Alikuwa amekonda. Nilimweleza ujumbe wa mihogo neno kwa neno. Alisikiliza, kisha akainua godoro na kutoa daftari ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote saba.

"Hii ni kituo ya sita," alisema.

Nilidhani ni mahali papya, labda Karambi. Nikafungua. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa wima: ujia, mlango umefungwa, mvua, sigiri. Chumba cha kulala, asubuhi. Ujia, mvua, sigiri. Kurasa na kurasa, msimu mzima wa masika, miaka miwili kabla ya Mama kuondoka.

"Na ilikuwaje?"

"Ilishinda malori ya Bwera."

Nikalifunga daftari. "Na ulimwambia?"

"Daktari aliuliza kikohozi inatoka wapi. Nilisema ni baridi ya kambi." Aliangalia viatu vyake. "Kulikuwa na nyumba ingine, ya jiko la nje. Ilikuwa mbali na barabara. Ningechelewa kipimo ya asubuhi."

Alisema maneno hayo ya mwisho taratibu, kama mtu anayesomewa hukumu katika lugha anayoielewa nusu. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa na maneno mengi, na yalifika mpaka kwenye meno. Kisha nikaliona akilini dirisha la watoto wangu juu ya ukuta wa maegesho, na nikatoa simu badala ya maneno.

Mama alipokea mara moja. Nikaweka sauti kubwa, nikaiweka simu kitandani kati yetu.

"Mama," alisema Afande. "Mimi nilipima nyumba."

"Najua."

"Wewe unajua nini? Nilipima humu ndani. Nikaficha."

"Nilikuona. Wewe ulikuwa unapima, mimi nilikuwa navuta. Nani alijua mbele?"

Nje askari walikuwa wakiitana wakienda kula.

"Kwa nini haukusema?"

"Ningesema, ungeandika," alisema Mama. Sauti yake haikuwa na ukali wowote.

Afande aliweka mikono miwili usoni. Sijawahi kuona mabega ya mtu yakitikisika kwa namna ile bila sauti. Nilitaka kutoka lakini chumba kilikuwa kidogo na magoti yake yaliziba njia.

Alipoweza kusema, alisema, "Nipe mpaka mwisho ya mwezi. Nimalize mwezi."

"Na mwezi huo mwingine?" Mama aliuliza. Akangoja. Tulimsikia akipumua, na pumzi ilikuwa safi, haikukwaruza. Kisha akakata simu.

"Afande," nilisema, "niko na gari."

Niliswali alasiri kwenye kiwanja chake, nikakaa kwenye jiwe, nikangoja. Jua lilipolegea alitoka. Aliacha mlango wazi nyuma yake.

"Basi ya asubuhi inapita Kikorongo saa ngapi?"

Kesho yake tulifika Kikorongo mapema kuliko basi. Alikuwa na begi moja na lile daftari la kituo cha sita mfukoni. Kimashine kilikuwa ndani ya begi; nilikiona kimetokeza kwenye kitambaa. Wauza samaki walikuwa wanapanga bidhaa zao, malori yamesimama pembeni, na juu ya mbuga moshi mwepesi wa majani ulikuwa umetanda bila kusogea. Ilikuwa saa yake hasa. Basi halikuja.

Nilimwona akigeuka kulikabili pori, kisha barabara, kisha pori. Mkono wake ulikwenda kwenye zipu ya begi, ukarudi. Muuza samaki mmoja aliyemzoea alimwita, "Afande, leo hatubani pumzi?" Hakugeuka. Alishika nguzo ya kibao cha barabara kwa mikono miwili, akaishikilia.

"Saa imepita?" aliniuliza baada ya muda, bila kuangalia mkono wake.

Nikatazama saa yangu. "Imepita, Afande."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Basi lilipokuja alipanda bila kuniaga, akarudi mlangoni kunipa mkono, akapanda tena. Kondakta akamfokea kuwa anachelewesha watu.

Ilipita wiki moja kabla Mama hajanipigia. Alisema mzee amefika, kwamba amelala siku mbili kama mtu aliyetoka vitani, kwamba mihogo imepandwa ya wawili. Siku ya tatu aliamka, akakaa nje, akatazama mbinguni mpaka chai ikapoa. Kisha akamuuliza mvua ya huko inaanza mwezi gani.

"Ukamwambiaje, Mama?"

"Nimemwambia akae," alisema Mama. "Ataiona."